Kipindupindu: utumbo ni mzima, mgonjwa anakauka

Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu kina tundu katikati, na chini yake huwekwa ndoo yenye alama za lita. Ndoo hiyo hunieleza mengi kuliko darubini, kwa kuwa mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, na kinachomwagika humo si usaha wala damu, bali majimaji yanayofanana na maji yaliyooshea mchele.

Wanafunzi wangu hudhani kwamba utumbo wa mtu huyo lazima uwe umechubuka. Sivyo. Shigella, bakteria wa kuhara damu, ndiye huvamia ukuta na kuutia vidonda; Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, hujishikiza juu yake tu na kutoa sumu. Mtafiti Sambhu Nath De alilionyesha hilo Calcutta, India, mwaka 1959, alipofunga vipande vya utumbo wa sungura na kuvitia majimaji yaliyokwisha kuchujwa bakteria wote, navyo vikafura kwa maji.

Sumu hiyo hushika mafuta yaitwayo GM1 kwenye uso wa seli, kisha sehemu yake moja huingia ndani na kuikwamisha swichi ya seli ikiwa imewashwa. Mlango wa kloridi hubaki wazi, chumvi hutoka, na maji huifuata.

Bahati ni kwamba sumu haigusi mlango mwingine, ule unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Ndiyo maana ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, yenye gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita, hufyonzwa hata mgonjwa angali anaharisha. (Ndugu wanaolalamika kwamba "yanapita tu" hutazama ndoo, hawatazami mkojo uliorudi.) Aliyelegea, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi, huyo ni wa dripu: mtu mzima wa kilo 60 hupewa Ringer lactate lita 6 ndani ya saa 3. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, hufupisha muda wa kuharisha, lakini haiifuati sumu iliyokwisha kuingia kwenye seli, kwa hiyo nikiona kidonge kinatafutwa kabla ya mshipa, huwa mkali.

La ajabu ni kwamba jeni za sumu hii huletwa na kirusi kinachowaambukiza bakteria, kama watafiti Waldor na Mekalanos walivyoonyesha mwaka 1996. Vibrio cholerae wengi wa mitoni na pwani hawana jeni hizo. Basi maabara ikinipigia kwamba imeotesha Vibrio, huuliza kama ni O1 au O139, aina mbili zinazoleta milipuko, na kama anatoa sumu. Wakati huo dripu imekwisha kufunguliwa.