Molekuli ikitanuka ndo elektroni inatoka kirahisi, kompyuta inatuonyesha kwa nini

Kazi yetu ni kupiga hesabu kwa kompyuta kuona leza inavyong'oa elektroni kwenye molekuli. Ukisikia leza usiwaze kile kitochi chekundu cha kuelekezea ubaoni, hizi tunazofanyia kazi sisi mpigo mmoja unadumu femtosekunde 30 au 40 hivi (sekunde moja igawe vipande milioni, kila kipande ukigawe tena vipande bilioni, hiyo ndo femtosekunde) na ukikusanywa kwenye kitone kimoja unafika wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba.

Chukua haidrojeni, H2. Kung'oa elektroni yake moja unahitaji elektroni-volti 15.4 (kipimo cha nishati), na fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ya leza ya nanomita 800 ina 1.55 tu, peke yake haifui dafu, zinatakiwa 10 kwa pamoja. Au leza iuinamishe ukuta unaoifunga elektroni mpaka uwe mwembamba, elektroni ipenye. Leonid Keldysh wa Urusi alishaziweka njia zote mbili kwenye hesabu moja tangu 1964.

Ikitoka moja inabaki H2+, protoni mbili na elektroni moja, na hapa ndo penye utamu. Kawaida protoni hizo zimeachana pikomita 106 (pikomita ni mita moja igawe mara trilioni), ila zikishaanza kusukumana elektroni iliyobaki inatoka kirahisi zaidi zikifika mara 3 na nusu hadi 5 ya umbali huo, zikizidi hapo urahisi huo unapungua tena! Watafiti Zuo na Bandrauk walilionyesha hili kwa kompyuta kule Canada, 1995.

Fikiria mabeseni mawili juu ya ubao mmoja, mabeseni ni protoni, maji ni elektroni. Leza inainua upande huu, baada ya femtosekunde 1.3 inainua ule. Mabeseni yakigusana maji yanahama tu kila upande unapoinuka, yakitengana kiasi maji yananasa kwenye beseni la juu, hayawahi kurudi chini, yanaruka kizuizi cha katikati na kumwagika nje moja kwa moja. Yakiwa mbali sana kizuizi kinakuwa kipana mno.

Kupiga hesabu hiyo tunatumia mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, unaoichukua elektroni kama wimbi, tunagawa nafasi kwa gridi, yaani pointi zilizopangwa kama wavu. Elektroni moja, pointi 100 kwa urefu, upana na kimo, ni pointi milioni moja, megabaiti 16, hata simu yako inabeba. Elektroni mbili ni pointi trilioni, terabaiti 16! Ndo maana H2 nzima inatutesa hadi leo, na wengi wanaigandisha elektroni moja na kuiacha nyingine itembee.

Kingine muhimu ni kingo za gridi. Nilipoanza niliziacha kama ukuta, wimbi la elektroni likagonga na kurudi kama bahari inavyogonga gati, nikakaa siku nzima naangalia grafu yenye vilima ambavyo havipo. Lazima uweke kingo zinazomeza wimbi taratibu. Halafu unapima uwezekano wa elektroni kuwa bado ndani ya gridi: umeanza na 1, mpigo umeisha unakuta 0.93, basi uwezekano wa elektroni kutoka ni asilimia 7.