Viungo Vinapouma Mwili Mzima: Chanzo Kinaweza Kuwa Nini?

Anayelalamika kwamba viungo vyote vinamuuma mara nyingi huwa ameshameza dawa za maumivu kwa miezi, na ameshaambiwa ana baridi yabisi. Huenda ni kweli. Ila maumivu ya namna hii yana vyanzo vingi ambavyo tiba zake hazifanani, na kinachoanza kuvitofautisha si maabara, ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Kwanza, yameanza lini? Yakija ghafla pamoja na homa au vipele, fikiria virusi: chikungunya, dengi, rubela, homa ya ini aina ya B. Mengi hupoa ndani ya wiki chache, ingawa chikungunya huweza kumtesa mtu kwa miezi kadhaa. Yakivuka wiki 6, tunaanza kutafuta ugonjwa sugu.

Pili, na hili kwangu ndilo lenye uzito zaidi: asubuhi hali ikoje? Katika rumatoidi, ugonjwa sugu wa viungo, kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani ya viungo. Vidole na vifundo vya mikono huvimba kulia na kushoto, na mtu akiamka huwa vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, pengine saa nzima, hata kufunga vifungo vya shati kunamshinda. Akijishughulisha, hupata nafuu. Viungo vilivyochakaa ni kinyume: asubuhi hulegea upesi, lakini kutembea na kupanda ngazi huzidisha maumivu. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu rumatoidi ikitibiwa katika miezi ya mwanzo viungo vingi huokolewa. Ikiachwa, viungo huweza kupinda visinyooke tena.

Mwanamke kijana mwenye vipele usoni vinavyozidi juani, vidonda mdomoni na nywele kunyonyoka apimwe lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe na ambao huweza kufika hadi kwenye figo. Wengine hawana uvimbe wowote, usingizi hauwatoshi na vipimo ni safi. Hiyo huweza kuwa fibromialjia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyo na uvimbe, na wasiambiwe wanajifanya. Tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kwa uvivu, upungufu wa vitamini D, selimundu na baadhi ya dawa za saratani ya matiti pia huleta maumivu haya.

Kukimbilia vipimo bila kuchunguzwa hupotosha. Kipimo cha rumatoidi huweza kuwa chanya kwa mtu mwenye afya na hasi kwa mgonjwa. Asidi ya yuriki ikiwa juu kwenye damu, hiyo peke yake haimaanishi jongo (gauti), ambayo kwa kawaida huanza na kiungo kimoja, hasa kidole gumba cha mguu. Nazo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kiholela huumiza tumbo na figo.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa cha moto, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda kina usaha. Na mtoto ambaye maumivu yanahama kutoka kiungo hadi kiungo, wiki 2 hadi 4 baada ya kuumwa koo, achunguzwe moyo: homa ya rumatiki huharibu vali zake.