Octagon haina pembe nane

Jina la Octagon, nyumba ya matofali ya mtindo wa Kifederali (ujenzi wa Marekani ilipokuwa taifa changa) iliyoko Washington, maana yake ni pembe nane, na wengi huamini ndivyo ilivyo. Sivyo. Izunguke ukihesabu kuta: utapata sita, na mbele umejitokeza mnara wa duara wenye mlango mkuu. Msanifu majengo William Thornton aliichora hivyo ili ienee kwenye kiwanja kilichobanwa na barabara mbili zinazokutana kwa mshazari.

Mwenye nyumba alikuwa John Tayloe wa Tatu, tajiri wa Virginia aliyemiliki mamia ya watumwa. Waliopika na kufua humo wasisahaulike. Waingereza walipoichoma Ikulu ya Marekani mwaka 1814, Rais James Madison alihamia hapo. Februari 1815, katika chumba cha duara ghorofani, aliutia saini Mkataba wa Ghent uliomaliza vita hivyo vya Marekani na Uingereza.