Kompyuta isiyo na intaneti nayo hupata virusi

Hapa Dodoma imezoeleka kusikia kwamba kompyuta ya nyumbani isiyounganishwa na intaneti haihitaji kinga wala masasisho, kwa kuwa virusi "huingia na bando". Dhana hiyo si sahihi. Katika miaka ya 1980, kabla intaneti haijafika majumbani, virusi vilisambaa kwa disketi, diski ndogo za kubebea mafaili zilizotumika kabla ya flashi. Na mwaka 2010 iligunduliwa Stuxnet, programu hasidi iliyoweza kusafiri kwa flashi, ambayo ilifika hadi kwenye mitambo isiyounganishwa na intaneti ya kituo cha kurutubisha urani cha Natanz, nchini Iran.

Kwa wengi wetu mlango ni flashi ileile inayopelekwa steshenari kuchapisha kazi ya chuo: ikirudi, mafaili hayaonekani, na mahali pake zipo ikoni zenye mshale mdogo kwenye kona. Usizibofye. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, hayajafutwa, hivyo kukimbilia kuiformati flashi, jambo ambalo baadhi ya mafundi hulipenda mno, ni kupoteza kazi iliyokuwa bado ipo. Ikaguliwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, hata ikibidi kuunganisha kompyuta na simu kwa muda mfupi ili ipate masasisho hayo.