Kamera ya mfukoni: usidanganywe na namba za kwenye boksi

"Megapikseli nyingi ndiyo picha kali." Dhana hii imeuza kamera nyingi mno. Ukitaka kuchapa picha ya ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani chini ya megapikseli 9 (megapikseli moja ni pikseli milioni moja). Kamera karibu zote za leo zilishavuka hapo. Cha kuuliza ni ukubwa wa sensa, maana ndiyo inayopokea mwanga. Sensa ya inchi 1/2.3, iliyozoeleka kwenye kamera ndogo za bei ya chini, ina milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Inayoitwa ya inchi 1 ina 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne. Sensa ya APS-C, iliyomo ndani ya kamera ya Ricoh GR III, ina takriban 23.5 kwa 15.6, na hiyo ni mara tatu tena. Piga picha ya mtu usiku kwenye chumba chenye taa moja, utaiona tofauti bila kuitafuta: kwenye sensa ndogo nywele zinashikana zikawa doa moja, na vivuli vinajaa chengachenga.

Wengine hukimbilia zumu ndefu, wakiamini kamera inayovuta mbali inafaa kwa kila kazi. Lenzi ndogo ikivutwa hupoteza mwanga. Sony RX100 ya kwanza, ya 2012, huanza na f/1.8 kwenye pembe pana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ukiivuta mpaka mwisho unabaki na f/4.9, na mwanga unaoingia ni kama sehemu moja ya saba ya ule wa mwanzo. Hapo kamera inapandisha ISO, yaani inakuza mwanga kidogo iliopata, au inachelewesha shata ili mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ile f/1.8 inayotangazwa ni ya pembe pana tu. Mimi ningechukua kamera ya lenzi isiyovuta yenye sensa kubwa, ingawa anayependa kupiga ndege juu ya mti asinifuate: kumwambia asogee karibu ni kumfukuzia ndege wake.

Kisha kuna neno "kompakt", ambalo watu hulisikia wakadhani kamera itaingia mfukoni. Fujifilm X100VI ya 2024 ni kompakt, lakini ina gramu 521 na unene wa milimita 55. Hiyo ni ya mfuko wa koti au ya kuning'iniza shingoni. GR III ina gramu 257 na unene wa milimita 33, unaweza kukaa nayo kwenye suruali. Unene ndio unaokera kuliko uzito, kwa hiyo pima mfuko wako kwanza.

"Lenzi haibanduliwi, basi vumbi haliingii." Linaingia. Lenzi inayochomoza na kurudi kila unapowasha na kuzima huvuta hewa kama pampu, na hewa ya mfukoni imejaa nyuzi za nguo. Chembe ikishatua kwenye sensa huwezi kuipuliza mwenyewe. Lazima fundi afungue kamera. Ukinunua iliyotumika, bana tundu la lenzi hadi namba ya mwisho, iwe f/11 au f/16, piga ukuta mweupe au anga tupu, kisha kuza picha kwenye skrini na uipitie kona hadi kona. Doa la kijivu linalobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi la ndani.

Kituliza mtikisiko nacho husifiwa kupita kiasi. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayekimbia. Huyo anahitaji shata ya haraka.

Na hawa wanaosaka kamera za zamani zenye sensa ya aina ya CCD kwa sababu ya "rangi zake"? CCD, sawa na CMOS, aina ya sensa iliyomo kwenye kamera nyingi za leo, hupima wingi wa mwanga tu. Rangi hutokana na vichujio vilivyo juu ya sensa na jinsi kamera inavyochakata JPEG. Kama unazipenda picha zake, nunua, lakini uliza kwanza inasoma kadi gani: baadhi hazisomi SD inayozidi GB 2, na SDHC (kadi ya SD yenye nafasi kubwa zaidi) ya GB 32 utakayoichomeka haitatambuliwa kabisa.