Je, ni lazima uhisi maumivu ya mwenzako ndipo umwonee huruma?

Tuseme muuguzi anambadilishia shuka mgonjwa wa saratani saa nane usiku. Hajawahi kuugua saratani, wala hayajui maumivu ya mifupa yanayomzuia mgonjwa yule asigeuke. Huenda hata moyo wake haujachomwa sana, maana amekuwa akihudumia wagonjwa tangu zamu ilipoanza. Lakini anamgeuza taratibu, anamuuliza panauma wapi, anasubiri ajibiwe, kisha anakwenda kutafuta dawa. Hiyo ni huruma? Kwangu mimi ndiyo, tena ni huruma kamili.

Kinachotuchanganya ni kwamba mambo mawili tofauti huitwa kwa jina moja. Kuna kuhisi pamoja na mwenzako, ambako wanasaikolojia hukuita empathi: analia na wewe koo linakukaba, anaungua na wewe unakunja uso. Halafu kuna huruma, yaani kuguswa na taabu ya mtu na kumtakia iondoke, hadi ukawa tayari kufanya jambo. Wataalamu hutenga na jambo la tatu, nalo ni kuelewa tu mwenzako anawaza na kuhisi nini. Hilo la tatu likiwa peke yake halina wema wala ubaya. Tapeli anayekupigia simu kukwambia mwanao ameanguka shuleni, tuma pesa ya matibabu haraka, anaijua hofu ya mzazi barabara. Ndiyo inayomlisha.

Kuhisi pamoja si maneno ya kupamba, kumo mwilini. Mwaka 2004 mtafiti Mjerumani Tania Singer na wenzake wa London walichapisha vipimo vya ubongo vya wanawake 16, kila mmoja akiwa na mwenzi wake karibu. Mwenzi alipopigwa shoti ndogo ya umeme mkononi, sehemu za ubongo wa mwanamke zinazohusika na adha ya maumivu ziliamka kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Zile zinazotambua maumivu yapo sehemu gani ya mwili hazikuamka. Aliipokea adha bila kupokea kidonda.

Baadaye Singer alifanya kazi na Matthieu Ricard, mtawa wa Kibuddha mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa mwanasayansi kabla ya utawa. Akiwa ndani ya mashine ya kupimia ubongo, Ricard aliombwa akae na maumivu ya watu, ayahisi tu, asiongeze chochote. Haukupita muda mrefu akawa hoi. Aliporuhusiwa kuwaelekezea wale wale upendo na kuwatakia nafuu, nguvu zikamrudia. Kikundi cha Singer huko Leipzig kikaendelea na watu wa kawaida, wakionyeshwa video za watu walio katika dhiki. Mafunzo ya kuhisi pamoja yaliwazidishia uzito moyoni. Mafunzo ya huruma yaliwaletea hisia njema huku wakiendelea kuyaona mateso yale yale, na sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa nyingine.

Naomba msomaji atue hapa kidogo, hasa kama ni daktari, mwalimu, mchungaji au mtu anayeuguza nyumbani. Watu wengi wameacha kazi za kuwahudumia wenzao wakiamini huruma imewaishia. Kwa ushahidi huu, kilichowachosha zaidi ni kubeba maumivu ya kila mtu ndani ya kifua chao. Wangefundishwa mapema kutofautisha mambo haya mawili, naamini baadhi yao wangekuwa bado wapo kazini.

Kuhisi pamoja kuna kasoro nyingine: hakutendi haki sawa kwa wote. Mwaka 1995 Daniel Batson na wenzake, Marekani, waliwapa watu habari ya kutungwa ya msichana wa miaka 10 mwenye ugonjwa usiopona, aliye kwenye foleni ya kupata msaada. Walioambiwa wajaribu kuhisi anavyohisi yeye walikuwa wepesi zaidi kumtanguliza mbele ya watoto wengine, ingawa wengine hao walikuwa na haja kubwa zaidi. Sisi tunaliona kwenye michango ya WhatsApp. Mtoto mmoja mwenye jina na picha hujaziwa mchango kabla jua halijazama, wakati taarifa ya kijiji kizima kilichosombwa na mafuriko hupita watu wakiitazama. Mwanasaikolojia Paul Bloom aliitumia hoja ya namna hii mwaka 2016 kudai kwamba empathi ni mshauri mbaya wa maadili. Anavuka mpaka kidogo, nadhani. Mara nyingi ni ule mchomo wa moyoni unaotufanya tugeuke kutazama; bila huo tungepita njia. Ila ukishageuka, kazi iliyobaki inahitaji kitu kingine.

Methali zetu nazo hazikutarajia mengi kutoka kwenye kuhisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi huzitaja methali hizi kwa kukata tamaa, kana kwamba anayeumia hawezi kueleweka kamwe. Mimi ile ya kunguni naisikia ikitoa agizo: basi muulize anayekilalia.

Huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na taabu mtu mwenye ugonjwa mzito, imejengwa juu ya agizo hilo hilo. Mwaka 1968 muuguzi Mmarekani Margo McCaffery alifundisha kwamba maumivu ni yale mgonjwa anayosema anayo, na yapo wakati wowote anaposema yapo. Muuguzi hatakiwi kuyahisi ndipo ayakubali. Katika huduma hii barani Afrika hutumika kipimo cha mkono: mgonjwa akikunja ngumi hana maumivu, akinyoosha vidole vyote vitano yamemzidi. Jijini Kampala, daktari Anne Merriman alianzisha shirika la huduma hii, Hospice Africa Uganda, mwaka 1993, akitumia mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ya kunywa, inayotengenezwa kwa unga na kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji viko mbali. Kanuni iliyoandikwa serikalini haina moyo wa kuchomwa, lakini imewafikia watu ambao machozi ya mgeni yasingewafikia.

Msiba nao uko hivyo. Jirani anayechimba kaburi, mama anayekesha jikoni akipika chakula cha waliohani, pengine hawakumfahamu marehemu. Wamekwenda kwa sababu ndivyo ipasavyo. Wapo watakaosema huo ni wajibu tu. Ni kweli, mtu anaweza kwenda ili asisemwe, na huyo simhesabu. Lakini wengi huenda kwa sababu wanajali mfiwa asibaki peke yake, na kujali huko hakungoji machozi.

Vivyo hivyo tusiwahukumu baadhi ya watu wenye usonji (autism). Wapo wanaopata shida kusoma uso au sauti ya mtu, hivyo hupewa sifa ya ukavu. Mwambie mmoja wao waziwazi kwamba dada yake ana huzuni, na huenda akahangaika kutafuta la kumfanyia kuliko wewe uliyeiona huzuni hiyo kwa jicho moja.

Nawafikiria hasa wanaouguza nyumbani. Mtu anayemuuguza mama yake kwa miaka hujishtaki: zamani alilia naye, sasa anamwosha na kumlisha macho makavu, anadhani moyo wake umekufa. Haujafa maadamu bado anamuuliza usiku ulikuwaje na jibu linambadilishia analofanya asubuhi. Akianza kumfokea, au akiacha kuamini kwamba mama kweli anaumwa, hapo hali ni nyingine. Hapo ndugu waache kumhubiria huruma, wapange zamu, wamtoe akalale.