Hakuna bei ya paa

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, nilipigiwa simu na jamaa ambaye hatujaongea tangu msiba wa mwaka juzi. Hata habari za watoto hakuuliza. "Injinia, fundi wangu ni mwizi." Mimi si injinia, ni mkadiriaji majenzi, lakini nilishachoka kusahihisha watu. Dar ukionekana saiti na kofia ngumu, wewe ni injinia. Nikamuuliza kaiba nini. "Alinipa bei ya paa, leo anataka hela nyingine."

Huyo ni wa nne tangu masika yaanze, na wote wanne wamenililia kwa maneno yaleyale: alinipa bei ya paa. Naandika leo ili wa tano akipiga nimtumie hii tu kwenye WhatsApp, mimi niendelee na chai yangu.

Jamani, hakuna kitu kinachoitwa bei ya paa. Kuna bei ya kusimamisha kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), bei ya kupiga papi (mbao za kupigilia bati), bei ya kulaza bati, bei ya kofia (bati la kufunika maungio ya juu), bei ya fisha bodi (ubao wa kuzunguka ukingo wa paa), bei ya gata (mfereji wa kukinga maji ya mvua). Kuna vifaa na kuna ufundi. Kuna kupandisha mbao juu na kuna kirikuu cha kuzileta kutoka Buguruni. Ukisema "paa" umeonyesha kidole juu, basi. Hujataja kazi.

Na lugha yenyewe inatuponza. Wazee wa pwani walitofautisha vizuri: kupaua ni kufunga boriti na fito, kuezeka ni kufunika kwa makuti. Kazi mbili, na mara nyingi watu wawili. Leo Goba mwenye nyumba anasema "nipaulie", akilini mwake anaona nyumba imekamilika, gata zinamwaga maji kwenye simtanki. Fundi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake anasikia "nipaulie", anaona kenchi na papi. Hakuna aliyedanganya. Wamepeana mikono juu ya neno moja lenye matumbo mawili, na kianzio kimeshaliwa.

Imani inayonichosha zaidi ni hii: kwamba kisichoandikwa kimo, kwa sababu "paa ni paa". Pacha wake yuko upande wa fundi: kisichoandikwa ni nyongeza. Zote mbili ni uvivu. Kimya kwenye makadirio hakimpi haki mteja wala fundi. Kinamaanisha hamkuongea, na sasa mnalazimika kuongea mbao zikiwa juu na wingu limeshika kutoka baharini.

Kwa hiyo nikifika saiti siulizi "mlikubaliana nini". Nikiuliza hivyo nitapewa hadithi mbili, kila moja na mashahidi wake, na saidia fundi atakuwa shahidi wa yule anayemlipa jioni. Namgeukia fundi na kumuuliza swali moja: hii namba uliipataje? Namba ina mama yake. Haikuota kichwani. Ukimpata mama yake, nusu ya ugomvi umeisha.

Turudi kwa jamaa wa Jumamosi. Nyumba ya mita 10 kwa 12, mstatili mtupu usio na mbwembwe, paa la kukunja pande zote nne. Bei ya ufundi waliyokubaliana kwa mdomo: 1,950,000. Bosi, yaani huyo jamaa mwenye nyumba, akapiga hesabu yake kwenye simu: nyumba ni mita za mraba 120, fundi mwenyewe alitaja elfu kumi na mbili kwa mita, hiyo ni 1,440,000. Kwa hiyo kaibiwa laki tano na elfu kumi, na juu ya hapo fundi anadai tena 645,000 ya nyongeza. Ukisikiliza hivyo utaita polisi.

Nikatoa futi kamba. Paa halikai juu ya ukuta tu, linatoka nje. Hapo lilitoka sentimita 60 kila upande, kwa hiyo kwa chini ni mita 11.2 kwa 13.2, karibu mita za mraba 148. Halafu paa limelala kwa mteremko. Mteremko wa nyuzi 25 unaongeza eneo kwa kama asilimia 10, unafika 163. Zidisha kwa elfu kumi na mbili: 1,956,000. Fundi alikata zile elfu sita ili namba isikike vizuri. Namba imesema yenyewe: alihesabu mita za mraba za mteremko, kwa haki kabisa, na hakuna hata shilingi ya kitu kinachopimwa kwa mita za urefu. Fisha bodi inapimwa kwa urefu. Hapo kuna mita karibu 49 kuzunguka, na hazimo. Ningemwona mwizi kama namba ingetoka 2,300,000 na hawezi kunionyesha imetoka wapi.

Sakafu si paa. Naomba hili lieleweke kabla sijazeeka. Ramani inakuonyesha nyumba ukiwa ndege, bati linalazwa na mtu anayepanda mlima. Mkisema "kwa mita", semeni mita ya nini: ya sakafu, ya paa likitazamwa kutoka juu, au ya mteremko. Kwenye nyumba hii ndogo tofauti ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya theluthi moja.

Kuhesabu kwa bati ndiko kubaya zaidi, na mafundi wazuri bado wanafanya. Zamani bati lilikuwa bati: futi kumi, mita tatu, ukisema elfu fulani kwa bati kila mtu anaelewa. Siku hizi kiwanda kinakukatia urefu unaoutaka. Bati moja la msauzi, lile la migongo mirefu iliyonyooka, linaweza kuwa mita sita kutoka kwenye kofia hadi kwenye gata. Mteja anahesabu vipande 60, fundi anahesabu "bati za mita tatu" kichwani mwake na kupata 110, na wote wawili wanaapa kwa Mungu. Nimeshuhudia watu wakikunjana mashati Chanika kwa sababu hiyo. Aliyekunja kwanza alikuwa mchungaji.

Tukishajua namba inabeba nini, kinabaki kile ambacho hakuna aliyekifikiria. Hapo natumia kipimo changu cha maji. Nauliza: bila kitu hiki, mvua ikinyesha, ndani kunalowa? Kama kunalowa, kimo ndani ya bei ya kuezeka hata kama hakikutajwa, maana hakuna fundi anayeweza kuniambia aliuza paa linalovuja. Ndiyo maana laki na nusu aliyodai kwa kupiga kofia niliikataa palepale. Mita 35 za kofia, ndiyo, ni kazi ya jua kali, lakini bati lisilo na kofia ni chujio. Fundi mwenyewe alicheka. Alijua.

Fisha bodi isipokuwepo nyumba hailowi, inaonekana tu haijavaa suruali. Hiyo ni kazi yake pekee: 195,000, alipwe. Gata vilevile. Kubomoa paa la zamani vilevile, na hapo muulizane mabati ya zamani yanaenda kwa nani, maana mafundi wengi huyahesabu kama marupurupu.

Sasa nikiri. Kipimo changu cha maji kina tobo. Bati la vale, pale miteremko miwili inapokutana kwa ndani, kwa kipimo changu limo kwenye ufundi bila mjadala. Lakini kulikunja na kulilaza vizuri ni kazi ya fundi mzuri tu, inaweza kula siku nzima, na kama ramani haikuonyesha vale kwa sababu baraza liliongezwa baadaye, je, bado limo? Nimeamua hivi, nimeamua vile. Na mapaa haya ya kujificha nyuma ya ukuta, ambayo kila mtu kuanzia Madale hadi Kibada anayataka siku hizi, yananivuruga kabisa. Mfereji wa zege ukivuja pale bati linapoingia ukutani, ni wa fundi paa au wa fundi aliyepiga plasta? Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mara nyingi wote wana haki nusu. Sina jibu la moja kwa moja. Nawaambia tu wasaini kwamba kiungo hicho ni cha nani kabla mtu hajapanda ngazi.

Nyongeza ya tatu ya fundi ilikuwa papi, laki tatu. Hapa bosi alitaka kunificha jambo. Walikubaliana kwa bati la msauzi. Wiki mbili baadaye shemeji yake kamshawishi kwamba bati la mfano wa kigae linapendeza zaidi barabarani. Hakuna ubaya, ila bati la kigae linataka papi zikae karibukaribu kufuata hatua za kigae. Papi zimeongezeka, misumari imeongezeka, siku zimeongezeka. Bosi anasema, "Nimebadilisha bati tu, fundi." Bati tu! Ni kama kuagiza chapati, ukaja kusema uletewe sambusa, "nimebadilisha umbo tu".

Kitabuni ningetakiwa kupanga bei mpya ya papi, mita kwa mita. Saiti hakuna karatasi, papi za mwanzo zilikuwa zimeshapigwa kidogo, na fundi hakuwa amemwambia bosi kwamba mabadiliko yatagharimu. Alinyamaza akidhani atadai mbele. Huko kunyamaza nako kuna bei. Nikasema laki mbili. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki au ilikuwa tu namba ambayo wote wawili walinuna sawasawa.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Makubaliano ya mdomo ni mkataba Tanzania, Sheria ya Mikataba haidai karatasi kwa kazi kama hii, shida ni kuthibitisha tu. Meseji za WhatsApp na zile sauti mnazorekodiana zinaweza kupokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo acheni kufuta mazungumzo kila simu ikijaa. Kama uliyempa kazi ni mkandarasi aliyesajiliwa, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina mlango wa malalamiko. Fundi wa mtaani hayuko kwenye daftari lao, kwa hiyo utaanzia kwa mjumbe na serikali ya mtaa, na ikishindikana ni Mahakama ya Mwanzo. Kabla hujafika huko piga hesabu ya siku utakazopoteza.

Na mbinu ya "simlipi mpaka amalize" ukiwa na paa lililo wazi mwezi wa nne ni ya mtu asiyemiliki siling bodi. Mwachie fundi alipwe kazi iliyoonekana, zuia sehemu kidogo mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, na mwambie hivyo siku ya kwanza. Ukimwambia siku ya mwisho atakuona tapeli, na hatakosea sana.

Bosi alilipa 395,000 mbele yangu. Nikachukua karatasi ya nyuma ya kalenda ya duka la vifaa, nikaandika kimo nini na hakimo nini, wakasaini wote, saidia fundi akasaini kama shahidi. Nilipokuwa nawasha gari fundi akanifuata dirishani. "Injinia, na gata? Gata hatujaandika." Nikazima gari.